Yai Haliwiki

4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepoa. Mimi sijambo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti. Hapa kazini simu zetu wenyewe tuliziacha kwenye kabati la chuma siku ya kuajiriwa, na kinachoruhusiwa ni barua. Msimamizi anazisoma, zinazotoka na zinazoingia, ili kulinda siri za biashara. Amesema ni utaratibu wa kawaida katika ofisi za namna hii. Kwa hiyo ukiniandikia, andika ukijua kwamba tuko watatu.

Tunafanya kazi na kulala katika jengo moja la ghorofa. Zamani lilikuwa duka la vitanda. Kwenye kioo cha mbele bado pameandikwa LALA SALAMA, kwa herufi ambazo baba angezicheka, maana ile S imelala kweli. Chini ni ofisi, juu ni vyumba, watu wanne kila chumba. Madirisha yamepakwa rangi nyeupe hadi usawa wa kichwa ili jua lisituumize macho. Chakula kipo. Mlango anaufungua mlinzi.

Kazi yangu ni kuandika matangazo. Wamesema Kiswahili changu kina mvuto. Zile alama zangu za insha ulizokuwa unawatangazia wateja ukiwapima mabega, sasa zimepata matumizi. Kitambulisho changu wamekihifadhi ofisini kisije kikapotea.

Niambie habari za karakana. Mwenye nyumba bado anasema atauza?

Mwanao,
Kalamu


11 Machi

Kalamu, mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujapoa, ila nimeacha kuusikiliza.

Na wewe bwana unayesoma barua za watu, kama umenizidi umri, shikamoo; kama hujanizidi, hujambo. Vuta kiti. Humu hakuna siri ila mikunjo ya suruali.

Mwenye nyumba hasemi tena, amekwisha kuamua. Ametupa sisi wapangaji nafasi ya kwanza: anayetaka chumba chake alete malipo ya awali kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo jengo zima analichukua mtu wa maghala. Mimi katika chumba hiki nimeshona sare za shule tangu wewe ukilala chini ya meza ya kukatia. Nikitoka hapa nitakwenda wapi na cherehani tatu na mgongo huu? Ninacho zaidi ya nusu ya anachotaka. Benki nimekwenda. Waliniangalia kama mtu aliyekuja kuuliza choo kiko wapi.

Sasa sikia. Mpiga pasi wetu, yule mwenye mdomo, ameniingiza katika kundi la simu la watu wanaonunua hisa. Usicheke. Kuna kampuni ya madini inaitwa Mapambazuko, hisa yake moja haifiki bei ya njiti ya kiberiti. Wanasema mgodi ukitangazwa itapanda mara kumi. Mwanzoni nilikuwa nasoma tu, kama mtu anayechungulia harusi ya jirani. Watu wa humo wana heshima zao. Kuna mjane mwenye duka la dawa, kuna dereva wa lori, wote wameshapata. Bwana mmoja alijitia kuuliza mgodi wenyewe uko wapi, wakamtoa. Na ni haki yake, unaingiaje kwa watu na maswali ya kipolisi namna ile?

Lakini aliyenimaliza ni mmoja anaitwa Mwalimu Mstaafu. Aliandika hivi, nakunukulia: "Yai haliwiki, ndugu zangu, lakini kila jogoo unayemsikia alianza akiwa yai. Hisa hii leo ni yai. Ikiwika kesho, usiseme hukuambiwa."

Mwanangu, niliacha kukanyaga cherehani. Yai haliwiki. Nani mwingine anasema hivyo? Baba yako ndiye aliyekuwa akimwambia kila aliyekuja na biashara ya kichwani akitaka kuchorewa kibao cha duka kwa mkopo. Tangu tumzike sijalisikia neno hilo popote. Huyu mwalimu ama alimjua, ama wamelelewa na mama wa aina moja. Mtu mwenye neno la kaka yangu mdomoni hawezi kunitupa shimoni.

Wewe ndiye msomi wetu, na uko kwenye biashara huko. Sitaki hotuba. Niambie moja tu: niweke au nisiweke?

Shangazi yako,
Sindano


14 Machi
(haikupelekwa)

Shangazi,

Hii haitapita kwa msimamizi, kwa hiyo haitakufika. Naiandikia chooni, mahali pekee penye komeo, na nitakaa nayo ndani ya soksi. Nisipoyasema haya hata kwa karatasi nitapasuka.

Mwalimu Mstaafu ni mimi.

Mezani pangu kuna simu kadhaa, kila moja imebandikwa utepe wa rangi mgongoni. Nyekundu ni mjane mwenye duka la dawa. Buluu ni dereva wa lori. Nyeupe ni mwalimu. Mjane anamuuliza mwalimu swali, mwalimu anamjibu kwa upole, dereva anawashukuru wote wawili, na vidole ni vyangu. Pembeni kuna simu ya utepe wa kijani. Hiyo haisemi kitu. Kazi yake ni kuwatoa wanaouliza mgodi uko wapi.

Mgodi haupo. Picha ya lile tingatinga ilipigwa mahali wanapochimba kisima cha shule. Kampuni ina jina, ina sanduku la posta, na haijawahi kuuza hata kokoto. Wakubwa wa hapa walizinunua hisa zake zamani, kwa wingi, wakati hakuna aliyezitaka hata kwa bure. Sasa sisi tunapiga kelele, watu wananunua, na bei inapanda kwa sababu watu wananunua, si kwa sababu nyingine yoyote. Ikifika wanapopataka, wakubwa watauza zao zote kwa siku moja. Atakayebaki nazo atazunguka sokoni asimpate wa kumuuzia. Siku hiyo hapa tunaiita mavuno.

Neno la baba hakuna aliyeniomba. Siku hiyo msimamizi aliniambia maneno yangu ni makavu, yananuka ofisi, anataka kitu chenye harufu ya nyumbani. Nikaenda nyumbani kichwani mwangu na kurudi nalo. Baba alilitumia kuwarudisha watu na ndoto zao. Mimi nikalifunga mkia wa jogoo ili liwavute. Nilipewa soda. Nikainywa na nikaona tamu.

Kwa nini nisikuandikie tu "usiweke"? Kwa sababu barua haitatoka. Na simu ya mwalimu siwezi kuitumia, kila ninachoandika kinaonekana kwenye kioo cha kompyuta ya msimamizi kabla sijainua kidole. Kisha kuna akaunti. Siku ya kwanza nilisaini karatasi nikaambiwa ni za mshahara. Kumbe ada za wanaojiunga na kundi zinapita humo, kwa jina langu na picha yangu. Mwenzetu wa chumba cha pili alitaka kuondoka. Msimamizi alimwonyesha taarifa ya akaunti yake, akamuuliza bila ukali: "Polisi wakija, mdogo wangu, watamtafuta nani?" Alirudi mezani akawasha simu zake.

Lakini nimepata njia. Unakumbuka fundi saa alipokuja kukuoa? Nilijifungia stoo nikalia mpaka sauti ikakauka, sikubali, sikubali. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukataa jambo kama nilivyolikataa lile. Kesho nitakuandikia kwamba nazikubali hisa zako kama nilivyomkubali fundi saa. Msimamizi atasoma "nakubali". Wewe utaiona stoo.

Kalamu


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika na salamu zako msimamizi amezipata. Alitabasamu, na anasema hujambo yake imemtosha.

Kuhusu swali lako, mimi ni karani tu, mambo ya hisa yana wenyewe. Lakini umetaka neno moja na sitakunyima. Nakubali. Nakubali uweke pesa zako Mapambazuko kwa moyo ule ule niliomkubali nao fundi saa siku ya harusi yenu. Naomba uikumbuke vizuri siku ile. Kumbuka mimi nilikuwa wapi wakati watu wanakula. Ukikumbuka hivyo, utajua moyo wangu uko wapi leo.

Hapa kumepoa kidogo. Tumeletewa feni mpya.

Mwanao,
Kalamu


20 Machi

Kalamu wangu,

Umeniliza mbele ya mteja, nikamchoma na pini.

Nimekumbuka, nitaachaje? Ulikuwa stoo na tumbo linakuuma. Baba yako alitoka akatuambia, "Mwacheni, kijana amefurahi kupita kiasi, kala kabla ya wageni, sasa analipa." Tulicheka wote. Marehemu mume wangu alilisimulia jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Kila mgeni aliyekaa kwenye kiti chetu alilisikia: yule mtoto alinipenda mpaka akaugua. Mimi mwenyewe sikuwa nimempenda bado kiasi hicho. Leo wewe unanikumbusha siku ile na kuniambia kwa moyo ule ule. Nitafute baraka gani zaidi?

Basi nimeweka. Sikuweka zote, mimi si mwendawazimu, nimeweka nusu ya nilichonacho. Na imepanda, mwanangu. Naamka naangalia simu kabla sijaangalia kama nimeamka vizuri. Mpiga pasi ameongeza. Mshona vifungo ameingia, yule anayezima taa akifumba macho ili asiitumie bure. Waliniuliza una hakika? Nikawasomea barua yako kwa sauti, ile sehemu ya moyo ule ule. Wakasema, kama msomi wako amekubali, sisi nani tukatae.

Mwalimu Mstaafu anasema tangazo la mgodi ni Ijumaa ya tarehe 29, na asiyeongeza kabla ya hapo atakuja kujuta. Nangoja neno lako la mwisho tu niingize na nusu iliyobaki. Siku chache, natoa, namlipa mwenye nyumba, chumba kinakuwa chetu. Halafu wewe unarudi unitunzie hesabu, uache kufungiwa ndani kama kuku wa mayai.

Bwana msomaji, hilo la kuku ni utani.

Sindano


23 Machi
(haikupelekwa)

Shangazi,

Baba hakukuambia.

Maisha yangu yote nimeamini kwamba ulijua nilimkataa mumeo, na kwamba ulinisamehe kimyakimya, na kwamba hata yeye alijua alipokuwa ananikalisha mapajani kunifundisha kusoma mishale ya saa. Kumbe baba alisimama mlangoni pa stoo akatusitiri wote. Alikufa bila kumwambia mtu. Na mimi nikaja kuuchukua ule usitiri wake nikautumia kama ufunguo, ukafunga badala ya kufungua.

Jana msimamizi aliniita. Barua yako ilikuwa mbele yake.

"Shangazi yako ana watu," akasema.

"Ni mzee tu, bosi. Anashona."

"Karakana nzima inamsikiliza. Unajua tunalipa kiasi gani kumpata mtu mmoja anayesikilizwa?"

"Hana kitu."

"Ana pesa ya chumba, mdogo wangu. Kaandika mwenyewe." Hapazi sauti kamwe, angepaza ningejua pa kumshikia. "Anangoja neno lako la mwisho. Mwandikie. Niletee kesho kutwa niisome."

Tangu jana nazunguka kama panya ndani ya ndoo. Nikiandika usiweke, barua itachanwa na mwingine atakuandikia kwa jina langu. Nikiandika fumbo, utalisoma kwa mapenzi, kama ulivyolisoma la kwanza. Hilo linanitisha kuliko msimamizi. Chochote nitakachokupa utakipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kimetoka kwangu. Basi nifanye nini ili kisionekane kimetoka kwangu?

Nimefikiria jinsi tunavyofanya kazi hapa. Maneno ya kundi hatuyaandiki siku yanapotoka. Tunayaandika wiki nzima mapema, yanapangwa, siku ikifika yanajituma. Maneno ya mwalimu ya Alhamisi, siku moja kabla ya tangazo, nimekwisha kuyaandika. Yanangoja ndani ya simu nyeupe na hakuna mtu wa nje aliyeyaona.

Nitakuandikia hayo hayo. Neno kwa neno, hata mkato sitausogeza. Barua itakufika kabla ya Alhamisi. Alhamisi mwalimu ataongea, na atakuwa anasema kitu ulichokwisha kukisoma kwa mwandiko wangu. Hapo mapenzi hayatakusaidia kukisoma vingine. Nusu ya pili isiwe imekwenda kabla ya hapo, hilo ndilo naomba.

Kalamu


24 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Umengoja neno langu la mwisho. Ni hili:

Bahati ni mlango usio na kitasa upande wa nje. Ukishafungwa, utabisha mpaka vidole vivimbe. Mwenye nusu na alete nusu ya pili. Kuogopa ni kodi ya maskini, nayo hulipwa kila siku.

Ila usifanye haraka ya kuchosha mgongo. Hata Alhamisi mchana bado utakuwa na wakati.

Mwanao,
Kalamu


24 Machi
(haikupelekwa)

Shangazi,

Ameisoma. Alipofika kwenye kitasa alisimama.

"Maneno haya nimeyaona mahali."

Nilihisi soksi yangu inapiga kelele. Nikasema ni mtindo wetu wa kazi, bosi, umenizoea mkononi.

Akaisoma tena yote. "Na hii Alhamisi mchana?"

"Mzee hapendi kusukumwa. Ukimsukuma anakaa chini."

Akacheka, akaifunga bahasha mwenyewe kwa ulimi wake. Akasema nitakwenda mbali.

Kalamu


28 Machi

Mwanangu mpendwa Kalamu,

Barua yako ilifika juzi. Leo nimeisoma mara ya pili nikiwa na simu mkono wa kushoto na karatasi mkono wa kulia, na sasa neno lako nimelielewa lote. Sina swali.

Habari za kazi si nyingi. Ile sare uliyokuwa na wasiwasi nayo nimeifumua leo hii hii. Nusu ya pili ya kitambaa sikuwa nimeikata, iko salama kabatini. Ile niliyokwisha kukata, kipande nimekiokoa na kipande kimeharibika katika kufumua. Mpiga pasi na mshona vifungo nao wamefumua zao, wamepata walichopata. Mpiga pasi ameninunia na ana haki. Hata hivyo mdomo ni ule ule: katikati ya kununa akauliza kundini mgodi uko wapi, akatolewa kabla hajaweka alama ya kuuliza. Namwombea radhi.

Sasa jambo kubwa. Kile kiwanja cha marehemu baba yako, kile cha kona, kimepata mnunuzi. Ukiweka pesa yake kando ya chumba changu, chumba ni kopo la vifungo. Nataka yote niiingize Mapambazuko, maana nimeona mwanga. Lakini mwanasheria anasema mrithi ni wewe, na usiposimama mbele yake na kitambulisho chako chenyewe, hatoi hata senti. Mnunuzi anangoja mpaka Jumatano. Mwenye nyumba naye nimempa nilichonacho, hakijatosha, amesema atangoja mpaka hiyo hiyo Jumatano na si zaidi.

Bwana msomaji, wewe ni mtu wa biashara, sina haja ya kukueleza. Nipe kijana siku mbili. Na kama unaona ni vizuri umsindikize mwenyewe, karibu kwa mikono yote. Viti vipo. Karakana nzima ina hamu ya kumwona mtu anayemlea Kalamu wetu. Tutakuwapo sote.

Shangazi yako,
Sindano


2 Aprili
(naileta mwenyewe)

Shangazi,

Barua hii nitakupa mkononi, pamoja na zile nyingine za ndani ya soksi. Usizisome kwa harufu, zisome kwa tarehe.

Hatuna kiwanja. Baba alikuwa mpangaji mpaka siku anakufa, na hata ngazi aliyochorea vibao ilikuwa ya kuazima. Msimamizi alinisomea barua yako kwa sauti, na alipofika kwenye "cha kona" nilishika meza.

"Hukuwahi kunitajia kiwanja, mdogo wangu."

"Nani anatangaza kiwanja, bosi?"

Akaona nimesema la busara. Akaisoma tena ile sehemu ya pesa, polepole, kama mtu anayelamba kijiko. Nilijua hapo kwamba ameingia. Nimewaandikia watu wengi maneno ya namna ile, uso wa mtu anayeyaamini naujua.

Anakuja nami. Hakukubali nije peke yangu. Kitambulisho changu kimo katika mfuko wa shati lake, na akiinama naliona umbo lake. Amesema tutakwenda pamoja na tutarudi pamoja. Kesho jioni tutakuwa kwako. Umewaita nani zaidi ya wanawake wa karakana, sijui, na sitaki kujua kabla, uso wangu hausitiri kitu.

Ijumaa wakubwa walivuna. Hadi jioni hisa ya Mapambazuko haikuwa na mnunuzi. Jumamosi tulishika simu ya kijani kwa zamu kuwatoa watu, mpaka ikapata moto mkononi. Wengine waliandika mistari mirefu sana kabla ya kutolewa. Niliisoma yote. Na ulichofumua wewe Alhamisi kuna mtu alikinunua, Shangazi. Huenda naye ana mtoto wa ndugu mahali fulani.

Kuna jambo jingine nimeliona nikipanga nguo. Mwenye nyumba amekupa mpaka kesho. Siku hizo ungeweza kwenda kwa watu, ungekopa, ungeuza cherehani moja ukaziba pengo. Badala yake umekaa ukashona kiwanja kisichokuwepo ili mimi nitoke. Kesho jioni hakuna mnunuzi atakayekuja. Nitafika mimi, na chumba kitakuwa kimekwenda. Naogopa kukuangalia.

Na hata nikitoka hapa, jina langu liko kwenye ile akaunti. Kituoni nitakwenda kwa miguu yangu, kesho kutwa, na nitasema kila utepe ulikuwa wa nani. Sijui kama nitarudi kutoka huko. Nakuta mlango mmoja umefungua mwingine.

Wewe umeshamjua mwalimu ni nani. Wenzako hawajui. Wao wanamngoja mtoto wa karakana, msomi, ambaye barua yake ilisomwa kwa sauti wakatoa pesa zao. Kwa hiyo nakuomba, ukituona tunakuja, usinikimbilie. Usinishike. Ukinishika kwanza wataona haya kunikasirikia, watanisitiri, na mimi nimeshasitiriwa vya kutosha. Waache mpiga pasi na mshona vifungo wakae mbele. Nitasimama nje ya mlango, msimamizi akiwa nyuma yangu, niseme kwamba mwalimu ni mimi, na mjane ni mimi, na dereva wa lori ni mimi. Nitaanzia hapo na nitaendelea mpaka nimalize, hata wakipiga kelele, hata yeye akinivuta shati.

Hodi nitapiga baadaye.

Mwanao